Siku Nne za Oktoba

Mkataba unasema siku nne.
Nimekuja na kamba ya mita hamsini, vigingi,
kifaa cha satelaiti kinachokula betri kama mtoto pipi,
na fomu yenye safu saba:
jina la kienyeji, jina la kitaalamu, idadi, hali,
kulindwa au kutolindwa,
athari,
hatua za kupunguza athari.

Ni nje ya Kigwe, upande ule reli inakopinda.
Patajengwa maghala ya nafaka,
hekta mia na arobaini, ramani imeshapakwa rangi.
Vumbi jekundu limeingia hadi kwenye kope.
Miti imevua kila kitu, imesimama
kama watu waliopanga foleni wakasahau wanangoja nini.

Utamtambuaje mti aliye uchi?
Kwa gome, asema Sechelela. Kwa miiba.
Kwa harufu ya jeraha.
Anakwangua kidogo, ananipa ninuse.
Mpingo huu. Andika.
Mipingo kumi na saba, yote myembamba,
hakuna uliozidi unene wa mkono wangu.
Msandali mmoja,
na mashimo sita palipokuwa na misandali.
Mwizi wa msandali hakati. Anang'oa na mzizi.

Siku ya pili, kwenye majabali.
Tunalala kifudifudi, tunamulika nyufa kwa tochi ya simu.
Nge. Mavi ya pimbi. Giza.
Halafu jicho, dogo, kavu, lisilopepesa,
na gamba bapa kama chapati iliyoanguka ikakaliwa.
Kobe wa majabali!
Analindwa na sheria za nchi, analindwa na mikataba ya dunia,
na kwa sasa analindwa na jiwe.
Nikaisahau fomu. Nikasema, "Shikamoo."
Sechelela alicheka hadi akakohoa.

Siku ya tatu akaja Injinia Kamugisha, viatu bado vinanukia duka.
"Dokta, kwa kifupi tu. Kuna kitu, au hakuna kitu?"
Nikautazama uwanda. Na mimi, kusema kweli,
kama ningepita tu kwa gari ningejibu hakuna.

Sechelela akachora duara kwa kisigino.
"Hapa chini kuna chura, mkubwa kama sahani ya ugali.
Amejifunga ngozi yake, amelala tangu Aprili.
Ukimchimba utasema ni bonge la udongo.
Hapa, mlenda. Pale, mlenda ule mwingine,
wa majani membamba, tunaoukausha, tunaoutwanga,
tunaoula hadi mvua nyingine.
Njooni mvua ya kwanza ikipiga.
Mtakosa pa kukanyaga."
Injinia alitazama duara, akaliruka, akaenda kwenye gari.

Mlenda haulindwi. Nilipitia orodha mara mbili.
Haumo hatarini, hausafirishwi usiku chini ya turubai,
hakuna mgeni atakayepanda ndege kuja kuupiga picha.
Una walaji tu.

Siku ya nne nikajaza safu zote.
Kobe watatu: wahamishwe. Mipingo: ipandwe mingine.
(Mpingo unataka miaka sabini. Safu ya miaka haipo.)
Kisha nikaigeuza fomu, nikaandika nyuma yake:
Tathmini hii imefanyika wenyeji wakiwa wamelala.
Naomba kurudi Desemba.
Gharama: mafuta ya gari, posho ya watu wawili,
na maghala kuchelewa wiki nane.
Penye nafasi ya mtaalamu, chini ya jina langu,
niliandika Sechelela Chilewa, kwanza kwa penseli,
kisha, gari likiwa linawashwa, kwa wino.

Sijui watasemaje mjini.
Tulipokuwa tunaondoka, kigingi chetu namba tisa
kilikuwa kimeshahamishwa mita ishirini kwenda kivulini,
na kwenye kamba yetu ya vipimo
mbuzi mweupe alikuwa amefungwa,
anatafuna kitu ambacho sikukiandika.