Maili Kumi na Tisa

Alishinda kwa kura kumi na moja.
Mimi ndiye niliyezihesabu mara ya pili,
katika ukumbi wa mpira wa vikapu wa shule,
chini ya wavu uliochanika,
mpinzani wake akinipumulia kahawa shingoni.
Kumi na moja. Nikarudia. Kumi na moja.
Orpha Vrazel, muuza mbegu na chakula cha ng'ombe,
jaji wa Kaunti ya Tarver, magharibi ya Texas,
ambaye hakusoma sheria hata siku moja
wala sheria haikumtaka asome.

Kwetu cheo hicho ni koti lenye mifuko mingi:
asubuhi anagawa changarawe za barabara,
mchana anagawa urithi wa marehemu,
jioni anapiga marufuku kuchoma takataka
maana nyasi zimekauka na upepo una kiherehere.
Joho alilikuta kabatini, la mtangulizi wake,
mwanamume wa futi sita na ushei.
Akalipinda kwa pini, akasema,
"La kuazima hili, karani. Tusilichafue."

Ijumaa alifungisha ndoa.
Vijana walikuja na matope ya shamba viatuni,
naye aliwauliza swali lisilokuwemo kwenye fomu:
"Nani kati yenu huamka wa kwanza?"
Wakicheka, aliwafungisha.
Wakitazamana kimya, aliwafungisha pia,
ila polepole.

Jumanne moja ya Februari
sherifu alimleta Emil Zapalac,
mzee aliyemfundisha Orpha kuendesha trekta.
Alikuwa ameingia na bunduki kituo cha petroli
kumtafuta mkewe, aliyezikwa miaka miwili nyuma.
Daktari alisema maneno yake. Orpha akasaini:
hospitali, siku tisini, kwa lazima.
Emil akamwambia, "Kanyaga klachi kwanza, binti."
Baadaye aliniomba nisiandike kuwa mkono ulimtetemeka.
Sikuandika.
Naandika leo.

Makamishna walikuwa wanne, na mara nyingi
wawili huku, wawili kule, kama ng'ombe langoni.
Greda mpya au ambulensi? Kura ya tano ilikuwa yake.
Alichagua ambulensi, na mashimo ya barabarani
yakapewa jina lake: Orpha mkubwa, Orpha mdogo,
na Orpha yule wa mbele ya kanisa
aliyevunja springi za mchungaji.
Alicheka kuliko wote.

Kisha likaja la daraja.
Mhandisi alishuka chini ya Kijito cha Nne na tochi,
akapanda juu na kipande cha chuma
kilichomomonyoka mkononi mwake kama biskuti.
Orpha alilifunga siku hiyohiyo.
Kuzunguka ni maili kumi na tisa. Wakati wa mavuno.
Eulis Mabry, kamishna na rafiki yake wa utotoni,
alimwambia mbele ya watu wote:
"Babu yangu alipita hapo na injini ya mvuke."
Akajibu, "Babu yako alilipita likiwa jipya."

Mihula minne ikaishia hapo.
Trace Holubec alimshinda kwa kura mia saba na mbili;
safari hii hakuna aliyeniambia nirudie.
Joho alilirudisha kabatini, limefuliwa,
pini zote zimetolewa, zimewekwa kwenye bahasha.

Holubec alilifungua daraja wiki ya kwanza,
kwa mkasi na keki.
Miaka tisa sasa. Malori ya ng'ombe yanapita,
basi la shule linapita.
Linaguna tu, halianguki.
Watu humtania dukani: "Orpha, bado limesimama!"
Naye hujibu, "Namshukuru Mungu."
Nadhani anamshukuru kweli.

Lakini nyumba yangu iko njia panda,
na kila Jumapili, saa mbili kasorobo,
huiona pikapu yake ya kijani ikienda kanisani
kwa ile njia ndefu,
vumbi likiinuka nyuma yake,
peke yake akiitii amri
ambayo mimi, kwa mkono huu,
niliipiga muhuri wa kufutwa.