Mizani ya Chunya

Mizani hii ilipima dhahabu Chunya
kabla shemeji Tweve hajafilisika.
Sasa inapima panzi.
Sahani yake haijui tofauti,
chochote chepesi hukipokea kwa adabu.

Wa Chimala, kule chini penye mpunga na vumbi:
punje ishirini za mchele.
Wa Kitulo: tisa.

Katikati yao kona hamsini na saba.
Nimezipanda nyuma ya pikipiki ya Ambakisye,
ndoo mapajani, mdomo wake umefungwa kanga,
ndani wanarukaruka kama mahindi kikaangoni,
na baridi inaongeza neno kila tukikata kona.

Matamba, chumba cha uani, tunawatia chupani
mmoja mmoja, tunapima pumzi zao.
Nyuzijoto kumi.
Wa chini anazubaa, gari lililokufa betri.
Wa juu keshaanza kutafuna,
utambi wake umepandishwa.
"Kadogo," anasema Anyisile, "lakini kanavuta hewa!"

Nikadhani ni mazoea,
kama sisi Wakinga tunavyocheka makoti ya wageni.
Basi tukatotoa mayai ya pande zote mbili
katika kasha moja, taa moja, majani yale yale.
Wa Kitulo wakabaki wadogo.
Wakakomaa wiki mbili kabla ya wenzao,
wakiikimbia baridi ambayo hawajawahi kuiona.

Wanaikimbia Juni.
Juni huko juu sakitu hulala juu ya nyasi.
Haina jicho, haina daftari, haimchukii mtu.
Aliyekuwa bado anajenga mwili mkubwa
hufa na jengo lake bila paa.
Aliyeridhika na udogo
keshafukia mayai yake udongoni.
Ni hivyo tu, mwaka juu ya mwaka.
Hakuna panzi aliyefundishwa kitu.
Somo ni wale wasiokuwapo.

Na deni lipo, tusidanganyane:
moto mkali hula kuni.
Nyasi zikikauka siku nne
wa juu ndiye wa kwanza kulala chali,
na mayai yake ni kumi
pale mwenzake wa bondeni anapotaga arobaini.

Mwezi wa tatu nilimchukua jike mmoja wa Chimala,
nikamweka Kitulo ndani ya wavu, peke yake na dume lake.
Sikumwambia Anyisile.
Alinona. Mwezi wa tano alikuwa mzuri
kuliko panzi yeyote niliyepata kumshika,
mabawa rangi ya chai ya rangi.

Nilimkuta asubuhi ya sakitu, ameshika bua,
tumbo limejaa, miguu haiachii.
Nikambandua polepole nikampima.
Punje ishirini na sita. Sahani ikainama
kama siku zile za shemeji, kokoto zikiitika.

Nikaandika uzito. Nikaandika tarehe.
Safu ya watoto
nikaiacha wazi.