Niko Kadi

Bale lile nililifungua mimi, Gikomba, Jumanne ya mvua:
makoti ya watoto, gredi ya pili.
Mfukoni mwa koti la buluu lenye zipu mbovu
kadi kumi na moja, zimebanwa kwa mpira wa nywele,
na nyuma ya kila moja, kwa kalamu ya mtoto: Joost.

Koti liliuzwa mia mbili hamsini.
Kadi nikampa Mutheu, anyamaze.

Hakunyamaza. Miaka tisa sasa
ananieleza joka la mabawa ya chumvi,
mlinzi wa daraja, na nani hufufuka zamu ya tatu,
nami "ehe, ehe," huku nakunja suruali.

Leo ukumbi wa Westlands umejaa bendera.
Mabingwa wa nchi thelathini na nne
wananong'ona kama watu wa matanga,
vidole vikichanga kadi, mvua juu ya mabati.
Mimi nimevishwa beji: MGENI.
Mgeni! Nami nilizaliwa Pumwani.

Meza ya mwisho: mwanangu na Renzo, kijana wa Lima,
mwenye kikohozi. Mama yake
yuko viti viwili kutoka kwangu, anahesabu rozari ndani ya mkoba.
Hatuna lugha moja. Nimempa njugu, akapokea.

Sheria sizijui. Bega la Mutheu nalijua.
Likishuka kushoto, amelamba garasa;
likitulia, ana turufu na anaificha.
Limetulia.

Asubuhi bwana mmoja mwenye saa nzito
alitaja bei ya lile joka: kodi ya miezi saba.
Nilimfinya Mutheu. Akasema, "Mama, si langu peke yangu."
Kila mashindano husoma orodha ya majina, juu hadi chini,
akimtafuta Joost. Hajawahi kuja.
Pengine mama yake alitoa koti bila kumwuliza.

Mkononi imebaki kadi moja.
Na kwa mazoea ya ngazi za ploti yetu, Kayole,
karata za usiku stima ikipotea,
alisahau dunia inamtazama, akatamka:
"Niko kadi."

Mwamuzi akainama. Amesema nini?
Mkalimani akalitafuta neno, likamkwepa.
Nyuma kabisa wahudumu wa chai wakaangua kicheko,
na bawabu, na fundi wa taa juu ya ngazi yake,
nami nikajikuta nimesimama, beji imegeuka mgongoni,

maana hiyo sheria naijua.