Mstari wa Saba

Mwezi wa kumi, Lubumbashi. Jua limekaa juu ya mabati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimetoka Katuba alfajiri, kwa miguu,
viatu nimevibeba mkononi hadi kwenye reli
ili vifike ofisini vingali viatu.

Ofisi ya Kazi hufunguliwa saa mbili.
Foleni ilifunguliwa jana.

Dirisha la tatu. Bwana Mutonkole hanitazami,
anatazama daftari langu:
tarehe, kampuni, uliyemwona, jibu, muhuri.
Mistari kumi kwa mwezi. Nina sita.
"Numbi," anasema, "wewe hutafuti kazi. Wewe unatembea."

Ningemwambia nini?
Kwamba barabara ya Likasi nimeyahesabu malango yake yote,
kwamba sentineli hana muhuri, ana rungu na redio,
kwamba mmoja alinihurumia, akachovya kidole gumba
katika wino wa kalamu iliyopasuka
akakibonyeza kwenye mstari wa nne.
"Huu si muhuri," anasema. "Huu ni uchafu."
Mstari wa pili hauulizi. Ni wa duka la dawa,
nilikoomba kazi, na dawa ya homa ya mtoto kwa mkopo,
nikapewa muhuri.

Ananishauri, ndiyo kazi yake:
funga tai. Tabasamu, ila meno yasionekane.
Usiseme una miaka arobaini na saba, sema una uzoefu.
Usiseme karakana ilifungwa,
sema unatafuta changamoto mpya.

Changamoto!
Kabedi, mke wangu, anapima makala kwa kopo tangu kuche,
vidole vyake havitakati hata kwa jiwe.
Bukari inapungua upana kila wiki,
watoto wanaizunguka kimya kama wapima ardhi,
halafu mimi nitafute changamoto mpya.

Juu ya kichwa chake feni inalia.
Kri, kri. Kimya kidogo. Kri.
Miaka kumi na tisa nilisuka mota,
waya wa shaba mwembamba kama unywele,
shaba iliyotoka chini ya miguu yetu hii hii
ikasafiri, ikarudi imevikwa rangi na bei.
Najua mota inavyougua.
"Mkubwa, beringi imekauka. Haimalizi wiki, itaungua.
Nipe bisibisi na mafuta kidogo. Nusu saa tu."

Ndipo akanitazama.
Jasho lilimtoka chini ya kola,
tone likaanguka juu ya jina langu, Numbi likavimba.
"Hapa hatuna nafasi ya fundi," akasema.
"Andika barua Kinshasa. Mwingine!"

Nikakaa kwenye ngazi, maua ya jakaranda yakinidondokea
kana kwamba nimeoa.
Nikafungua daftari gotini.
Tarehe: leo.
Kampuni: Ofisi ya Kazi, dirisha la tatu.
Uliyemwona: Bwana Mutonkole.
Jibu: hakuna nafasi.
Nikarudi mkiani mwa foleni
kwa ajili ya muhuri.

Saa tisa nikafika tena mbele yake.
Feni ilikuwa imenyamaza; nilikosea,
haikumaliza hata siku.
Alijipepea kwa dosiye ya mtu.
Akausoma mstari wa saba. Akaurudia.
Nje lori la madini likapita, vioo vikatetemeka,
yeye hakucheka, na mimi sikucheka.
Akaupulizia muhuri pumzi, kama mtu anayepoza uji,
akaugonga.
"Bado mitatu," akasema, bila kuinua macho.

Nilikuwa nimefika relini, nimeshavua viatu,
ndipo hesabu ikaniingia:
mitatu, si minne.
Kile kidole gumba
alikuwa amekihesabu.