Lita Zilizomwagika Rushere

Bwengye alikuja Rushere na cheti cha wiki mbili
na neno "mahitaji" mdomoni kama peremende.
Alipiga picha tangi la kupozea maziwa,
akapigwa picha na tangi la kupozea maziwa,
akala eshabwe, akarudi Kampala kabla ya mvua.

Waliojibu maswali yake ni kumi na wawili,
wanafunzi wake wote, darasani, wakijifanya wafugaji.
Mfumo uwe rahisi? Ndiyo.
Uwe wa haraka? Ndiyo.
Asilimia mia. Akachora duara, akalipaka kijani.

Kenyangi hakuulizwa,
yeye ambaye kila alfajiri hunusa kopo kabla ya kulipima,
ajuaye maziwa ya nani yametiwa maji
na ya nani yametoka kwa ng'ombe aliyechomwa sindano jana.
Mfumo haukuwa na mahali pa kuandika "nimekataa".
Kila kopo likawa lita, kila lita deni la ushirika,
hadi Jumanne ile tangi zima likamwagwa mtaroni.
Mbwa wa Rushere walishiba.

Debe tupu haliachi kuvuma, tunasema, tunacheka.
Lakini makala yake ilipita mezani pangu.
Nilikuwa na miezi minne kazini, naitwa mhakiki.
Nikaona jedwali, nikaona kijani,
nikaandika: Imefanyika vizuri. Ichapishwe.

Leo nimekuja na daftari.
Kenyangi ananipa kopo, haniambii kitu.
Ninanusa.
Sijui ninanusa nini.

"Hilo liandike," asema,
na kunyosha mkono apokee kopo lake.