Boila Ikizimwa

Baba alirekodi usiku, chini ya nyumba,
kwenye chumba cha kufulia,
maana ndicho pekee kisichokuwa na dirisha
la kupitisha honi za meli za madini
ziingiapo bandari ya Duluth.

Ila humo mlikaa boila.
Ilinguruma sauti moja, nzito,
karibu ilingane na uzi wa tano, lakini ikikosea kidogo,
kama mtu aujuaye wimbo na asijali.
Basi akaizima.

Januari. Nje digrii thelathini chini ya sifuri,
na Arvid Kangas anazima moto wa nyumba nzima
ili nyuzi sita zisikike.

Mama alivaa koti juu ya gauni la kulalia,
akanong'ona, "Haya, ana dakika arobaini."
Alishapiga hesabu: arobaini,
kisha vidole vinakufa ganzi.

Ndiyo maana vipande vyake ni vifupi.
Wawili watatu walioandika habari zake
waliuita mtindo: ukavu, ufupi,
msanii ajuaye kunyamaza.
Sisi tuliolala na soksi mbilimbili
tunajua ni baridi.

Sikiliza kanda ya kumi na moja.
Mwanzoni mkono unakimbia, damu ingali moto.
Katikati anaziacha noti zikae.
Mwishoni ni ukucha tu,
na uzi mnene ukipanda polepole bila idhini yake,
kwani chuma penye baridi hujikaza
wala hakimwulizi mtunzi.

Mchana alitengeneza breki za mabasi ya shule.
Grisi haikutoka kwenye mistari ya viganja
hata siku ya harusi ya dada yangu Sylvi.
Kampuni moja ya Chicago ilimwandikia mara mbili.
Barua ya kwanza aliikunja, akaitia chini ya mguu
wa meza iliyokuwa ikiyumba.
Ya pili sijui ilikwenda wapi.
Meza ilikuwa imeshatulia.

Kanda alizitoa mwenyewe, mia mia,
majalada akiyakata kwenye maboksi ya vichujio vya mafuta,
akiandika kwa mkono:
Namba Saba. Vipande tisa. Usiongeze sauti, sogea karibu.
Ziliuzwa dukani kwa Oskar, muuza chambo,
kati ya ndoano na makopo ya minyoo.
Zilizobaki, Oskar aliwapa bure
watoboa barafu waliolalamika kuwa ziwa limenyamaza mno.

Sasa ziko kwangu, thelathini na nne,
nazihamishia kwenye kompyuta kabla utepe haujachakaa.
Kila mara kompyuta inauliza: Ondoa kelele?

Kelele ipi?
Huyo ni mama, meno yanagongana.
Hiyo ni ngazi, kidato cha tatu kutoka chini,
nilipokaa na blanketi, miaka sita,
nimeapa kutopumua.

Kanda ya kumi na tisa, kipande cha nne:
nakohoa.
Mara mbili fupi, moja ndefu.
Woga ule naukumbuka hadi leo.
Nilipanda mbio, nikajifunika gubigubi,
nikangoja kugombezwa.

Sikuwahi kusikia kilichofuata.
Hakusimama, hata kusita hakusita.
Aligeuza wimbo pale pale,
akapiga mbili fupi, moja ndefu, kwenye uzi wa tatu,
kama aliyebishiwa hodi akaitikia.
Na jaladani, kwa penseli: Mgeni.
Miaka arobaini nilidhani ni mtu mwingine.

Jumapili nilimpelekea kwenye makazi ya wazee,
ambako joto halizimwi, na mikono yake
haitulii hata juu ya kikombe.
Nikamvika visikizio.
Akafumba macho hadi mwisho.
"Uzi wa sita umepanda," akasema.
"Ilikuwa baridi sana siku ile."
Halafu akalivuta blanketi magotini pake
akanirushia.