Daftari la Vipimo

Kurasa za mbele ni mwandiko wa baba:
Mwende, kifua ishirini na nane, bega kumi na mbili,
sare ya darasa la nne, marinda sita, amelipa nusu.
Kurasa za nyuma ni mwandiko wangu.
Mimi pia naandika vipimo:
picha ya kichwa, elfu kumi na mbili;
damu, elfu mbili mia nne;
kitanda, kwa usiku,
ulale usilale, bei ni ile ile.

Kiharusi kilimkuta Jumanne, Kariobangi,
mguu ungali kwenye kanyagio la cherehani.
Sindano ikaenda mbele peke yake,
ikapiga mishono kumi hivi isiyo ya mtu,
kisha kitambaa kikakwama.
Jirani akasema ni uchovu, mpeni maji ya sukari.
Mwingine akasema ni jicho la mtu.
Saa tatu zilipotea tukitafuta gari,
nne tukitafuta dipoziti.
Karani hakuwa mkali. Alisema tu, "Mfumo haukubali,"
kama mtu anayesoma habari za mvua.

Aliyewapima watu wote mtaani,
tepu shingoni miaka thelathini,
hakuwahi kupimwa presha.
Daktari alitaja mia mbili na kumi, juu ya mia na ishirini,
nami nikajikuta nawaza:
hiyo ni suti ya nani?

Sasa gharama zinaijua njia ya kwetu.
Mtaalamu wa viungo, elfu moja mia tano,
mara tatu kwa wiki.
Tukafanya mbili.
Tukafanya moja.
Siku zilizobaki namkunjua vidole mwenyewe
juu ya mkeka, mama akihesabu.
Gari la kliniki, mia nane, maana ngazi hapandi.
Nepi za watu wazima sikuziandika.
Niliandika "vitambaa."
Baba bado anasoma.

Bima ililipa kitanda. Mkono haikuulipa.
Kwenye kikundi cha ukoo, simuni,
watu themanini na mmoja wameuona ujumbe wangu.
Kumi na wawili walituma.
Mmoja alituma picha ya viganja viwili vya sala.
Mjomba Kiilu akauliza, "Si ilikuwa presha tu?"

Dawa ni za kila siku, mpaka mwisho.
Mama huzikata nusu
kwa wembe wa kufumulia mishono.
Namwona. Simwulizi.

Na cherehani?
Kuna mwanamke wa Dandora anaitaka, elfu kumi na nane.
Hiyo ni miezi mitatu ya mtaalamu, mara moja kwa wiki,
ambaye kazi yake ni kuurudisha mkono
kwenye cherehani.
Hesabu hiyo nimeigeuza huku na huku
kama kitambaa kisichotosha:
nikipata mgongo, nakosa mkono.

Maneno yamemhama baba. Imebaki namba moja.
"Thelathini na mbili," akitaka maji.
"Thelathini na mbili," akiumwa, akicheka,
akimfukuza paka wa Mama Nzilani.
Karani wa dirishani alimwuliza jina.
Akavua kofia kwa mkono wa kushoto,
akajibu kwa heshima zote:
"Thelathini na mbili."

Mama anasema ndicho kiuno chake
mwaka alioenda kushonewa gauni la kwaya,
baba akapima mara mbili, akidai tepu imeteleza.
Akiisimulia hii, sauti yake inakuwa ya msichana
na wembe anauweka chini.

Jana usiku nilipekua kurasa zote za mbele,
na madaftari mengine matatu ya chini ya kitanda.
Viuno vya thelathini na mbili ni kumi na kimoja.
Jina la mama halimo.

Sikumwambia.
Niligeuza daftari, nikalamba kidole,
nikaandika: Alhamisi, gari, mia nane.